Shahidi wa Mwanga: Mirija Nano, Rangi Ndani ya Seli, na Wajibu wa Kuhakikisha

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Makala haya yametokana na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo nitaanza kwa kulitaja.

Muhula uliopita ilikuwa zamu yangu kutoa darsa ya akina dada siku ya Alhamisi. Mada ilikuwa umbile la mwanadamu. Nikatafuta picha mbili za kuonyesha ukutani. Ya kwanza ilikuwa ya seli moja, kiini chake buluu, nyuzi zake kijani, na sehemu nyingine nyekundu. Ya pili ilikuwa ya panya wa maabara, mishipa yake ya damu ikiwaka manjano na nyekundu kama makaa. Nikasema kwa kujiamini: "Tazameni rangi zilizomo ndani ya miili yetu, na tazameni damu inavyong'aa." Dada zaidi ya thelathini wakaleta tasbihi.

Tuliporudi hosteli, mwenzangu wa chumbani, ambaye anasoma tiba mwaka wa nne, akaniuliza kwa upole, "Dada, zile rangi ulizosema ni za seli, nani kakwambia?" Nikamjibu kwamba picha si wote wameiona? Akatabasamu. Akanieleza kwamba seli nyingi za mwili zikitazamwa kwa hadubini ya kawaida zinakaribia kutokuwa na rangi kabisa. Rangi zile zilitiwa na watafiti kwa makusudi. Na ile picha ya panya, mwanga wake hakuna jicho la mtu linaloweza kuuona. Kamera maalumu iliupokea, kisha kompyuta ikaupaka manjano na nyekundu ili sisi tuelewe.

Usiku ule sikulala vizuri. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu. Kila siku nafundishwa kuuliza: nani kasema, kapokea kwa nani, na je, anaaminika? Lakini mbele ya dada thelathini nilipokea habari kutoka kwenye picha bila kuuliza hata swali moja, nikaisambaza. Alhamisi iliyofuata nilirudi palepale nikasahihisha. Baada ya hapo nilimwomba mwenzangu anifundishe jambo hili tangu mwanzo, na haya ndiyo niliyojifunza. Yeye ameyasoma kabla hayajachapishwa na ameninyoosha palipopinda.

Jambo ninalotaka tulishike ni moja: mwanga unaong'aa ndani ya seli ni ushahidi, na ushahidi hupimwa kwa hali ya shahidi.

1. Fluoresensi ni nini?

Peleka noti kwa mwenye duka la kubadilisha fedha. Ataiweka chini ya taa ndogo yenye mwanga wa zambarau, na alama zilizokuwa hazionekani zitang'aa. Taa ile hutoa miali ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni. Wino wa noti huifyonza nishati ya miali hiyo, kisha huirudisha papo hapo kama mwanga tunaouona. Hiyo ndiyo fluoresensi: kitu kupokea mwanga wa aina moja na kurudisha mwanga wa aina nyingine, wenye nishati ndogo zaidi na urefu wa wimbi mkubwa zaidi.

Mfano mwingine tunao majumbani. Mwaka 1845 mwanasayansi wa Uingereza, John Herschel, aliandika kwamba maji yaliyoyeyushiwa kwinini, ambayo kwa kawaida ni maangavu, hutoa weko la buluu juu yake yakipigwa na jua. Mwaka 1852 mwenzake, George Stokes, akaeleza sababu, na akalipa jambo hilo jina la fluoresensi kutokana na jiwe liitwalo fluoriti. Wazee wetu wamekunywa kwinini kwa ajili ya malaria miaka mingi, na kila kikombe kilikuwa na mng'ao huo ndani yake.

Kwa nini jambo hili ni muhimu kwa mtafiti? Kwa sababu mwanga unaoingia na mwanga unaotoka ni wa rangi mbili tofauti. Ukiweka kichujio kinachozuia ule wa kwanza na kupitisha ule wa pili, kila kitu kinakuwa giza isipokuwa kile kinachong'aa chenyewe. Ni kama kutafuta kimulimuli usiku: huhitaji kuona majani yote, unaona nukta moja tu, na nukta hiyo inakwambia mdudu yuko wapi.

Sasa chukua kitu kinachong'aa namna hiyo, kiunganishe na kitu kinachojua kukamata protini fulani au kipande fulani cha DNA. Umepata kichunguzi cha mwanga. Unakipeleka ndani ya seli, kinakwenda kushika kile ulichokituma kishike, na mahali kinapong'aa ndipo kilipo kile unachokitafuta.

2. Kutoka konyeza hadi makohozi ya mjomba

Vichunguzi vinavyojulikana zaidi vilitoka baharini. Mtafiti wa Kijapani, Osamu Shimomura, alikusanya konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha wakikugusa, maelfu kwa maelfu, katika pwani ya jimbo la Washington, Marekani. Mwaka 1962 yeye na wenzake walieleza protini ya konyeza hao inayong'aa kijani. Mwaka 1994 Martin Chalfie alionyesha kwamba maelekezo ya kutengeneza protini hiyo yanaweza kuingizwa katika mnyoo mdogo, na mnyoo ukang'aa. Roger Tsien akazalisha rangi nyingine nyingi. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008.

Lakini usidhani mambo haya yako mbali nasi. Mjomba wangu, kwetu Buyenzi, Bujumbura, alikohoa zaidi ya mwezi. Makohozi yake yalipelekwa kupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha kwa kupima kifua kikuu mwezi Desemba 2010. Jibu la kwanza lilirudi limeandikwa kwamba kipimo ni batili. Nyumbani kukawa na maneno. Shangazi alisema wale vijana wa maabara wamelala kazini. Makohozi yakachukuliwa upya, na safari hii jibu likawa wazi: kifua kikuu kipo, na dawa ya rifampisini bado inakiweza. Mjomba alimeza dawa miezi sita, na leo, alhamdulillah, ni mzima.

Nilipomsimulia mwenzangu kisa hicho, aliniambia kwamba lile jibu la "batili" ndilo sehemu nzuri kuliko zote. Ndani ya kikasha cha GeneXpert mna vichunguzi vya mwanga. Kila kimoja ni uzi mfupi wa DNA uliokunjwa kama kibanio cha nywele: ncha moja ina rangi inayong'aa, ncha ya pili ina kitu kinachoizima. Kikiwa kimekunjwa, ncha zote mbili ziko pamoja na hakuna mwanga. Kikikutana na kipande cha DNA kinacholingana nacho, kinafunguka, ncha zinaachana, na mwanga unatokea. Ubunifu huu ulielezwa mwaka 1996 na Sanjay Tyagi na Fred Kramer.

Toleo la kwanza la kipimo hicho lina vichunguzi vitano vinavyofunika sehemu ya jeni ambamo usugu wa rifampisini hujitokeza. Vikifunguka vyote kwa wakati wake, bakteria wapo na dawa inawaweza. Kimoja kikikosa kufunguka huku vingine vimefunguka, ni dalili ya usugu. Jibu hupatikana ndani ya saa mbili hivi.

Na kuna kichunguzi cha sita. Hiki hakitafuti kifua kikuu. Ndani ya kikasha huwekwa kwa makusudi chembe za bakteria mwingine asiye na madhara, na kazi ya kichunguzi cha sita ni kumwona huyo. Iwapo kifua kikuu hakikuonekana, na yule bakteria aliyewekwa kwa makusudi naye hakuonekana, mashine haisemi "mgonjwa hana kifua kikuu." Inasema: kipimo ni batili. Kwa maneno mengine, shahidi ameshindwa kumwona hata mtu tuliyemsimamisha mbele yake, basi kauli yake kwamba hakumwona mwizi haina uzito.

Fikirini kama mashine isingekuwa na adabu hiyo. Mjomba angeambiwa hana ugonjwa, angerudi nyumbani, na watoto wanaolala chumba kimoja naye wangeendelea kuvuta hewa ile ile.

3. Mrija nano wa kaboni

Sasa tuje kwenye ile picha ya panya. Kilichokuwa kinang'aa katika mishipa yake hakikuwa protini ya konyeza, bali mirija nano ya kaboni.

Chukua grafiti, kile kitu cheusi kilichomo ndani ya penseli. Grafiti ni tabaka juu ya tabaka za atomu za kaboni zilizopangwa kwa pembe sita sita kama sega la nyuki. Toa tabaka moja tu, kisha likunje kama mkeka mpaka ncha zake zikutane. Huo ndio mrija nano wenye ukuta mmoja. Upana wake ni nanometa moja hivi, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu ni mpana kuliko huo kwa makumi ya maelfu. Urefu wake lakini unaweza kuwa mara mia au elfu ya upana. Ipo pia mirija yenye kuta nyingi, mmoja ndani ya mwingine.

Vitabu vingi humtaja Sumio Iijima wa Japani, aliyeieleza mwaka 1991, na kweli kazi yake ndiyo iliyoamsha dunia. Lakini Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wamechapisha picha za nyuzi za kaboni zenye uwazi ndani tangu 1952. Sisi tunaosoma elimu ya hadithi tunajua jambo hili: habari kuwa mashuhuri kwa mtu fulani si dalili kwamba ndiye wa kwanza kuipokea.

Namna mkeka ulivyokunjwa, umenyooka au umepinda kiasi gani, ndiyo huamua tabia ya mrija. Takriban theluthi moja hupitisha umeme kama metali. Theluthi mbili zilizobaki ni nusu-kipitishi, na hizi ndizo zinazoweza kung'aa. Hata hivyo, kwa miaka zaidi ya kumi tangu 1991 hakuna aliyeuona mng'ao huo vizuri, kwa sababu mirija hupenda kushikamana katika mafungu, na ndani ya fungu ile ya metali huzima mwanga wa mingine. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, waliitenganisha mmoja mmoja kwa kuifunika na sabuni, ya aina ile ile inayotoa povu katika dawa nyingi za meno. Ilipoachana, iking'aa kila mmoja kwa rangi yake kulingana na ulivyokunjwa, watu wakaiona.

Na rangi hizo zote ziko nje ya uwezo wa jicho. Mirija hii hung'aa katika infraredi ya karibu, yaani ng'ambo ya nyekundu, kuanzia nanometa kama 900 na kuendelea, ilhali jicho la mtu linakomea karibu na 700. Hapa ndipo nilipokosea katika darsa. Hapa pia ndipo thamani yake ilipo.

Fanya jaribio usiku. Washa tochi ya simu, ziba mwanga wake kwa kidole. Kidole kitaonekana chekundu. Taa ni nyeupe, yenye rangi zote, lakini damu hufyonza buluu na kijani, na nyekundu ndiyo hupenya. Ukivuka nyekundu ukaingia infraredi ya karibu, mwili unakuwa mwangavu zaidi, na mwanga hautawanyiki sana ndani ya nyama. Kwa hiyo kichunguzi kinachong'aa huko kinaweza kuonekana kutoka ndani zaidi ya mwili kuliko kinachong'aa kijani. Mwaka 2009 watafiti wa Stanford walitumia mirija nano kupiga picha mishipa ya damu ya panya hai kwa njia hii.

Kuna faida nyingine. Rangi za kawaida za fluoresensi huchoka: ukizimulika kwa muda zinafifia na hazirudi. Mirija nano haichoki namna hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa MIT waliripoti mirija iliyofunikwa kwa nyuzi za DNA, ikawekwa ndani ya utelezi uliotokana na mwani, kisha chini ya ngozi ya panya. Kazi yake ilikuwa kutambua oksidi ya nitriki, kemikali inayohusika na uvimbe. Kitambuzi hicho kiliendelea kufanya kazi zaidi ya siku 400.

4. Masharti ya shahidi

Katika elimu ya al-jarh wat-ta'dil, mpokezi hutazamwa kwa mambo mawili makubwa: uadilifu wake na dhabt yake, yaani uwezo wake wa kuhifadhi na kufikisha kama alivyopokea. Mtu anaweza kuwa mcha Mungu na bado akawa dhaifu wa hifadhi. Sisemi mrija wa kaboni ni mpokezi wa hadithi, wala maabara si msikiti. Nasema tu kwamba sisi tuliozoea maswali haya tusiyaache mlangoni tunapoingia katika ukumbi wa sayansi. Mwenzangu amenipa masharti manne ambayo mtafiti mwaminifu huyatimiza.

Kwanza, je, mwanga ni wake? Seli zenyewe zina vitu vinavyong'aa bila kutiwa chochote, vikiwemo vitamini vya kundi B. Majani ya mimea hung'aa nyekundu kwa sababu ya klorofili. Kwa hiyo ni lazima pawepo sampuli isiyotiwa kichunguzi kabisa, imulikwe na kupigwa picha kwa namna ile ile. Bila hiyo, hujui unamsikia shahidi au unasikia kelele za mtaa.

Pili, je, anamjua anayemshuhudia? Kichunguzi kijaribiwe pale ambapo kitu kinachotafutwa kinajulikana kuwa kipo, na pale ambapo kinajulikana kuwa hakipo. Kikiwaka kote kuwili, hakimjui mtu.

Tatu, je, hifadhi yake ni imara? Mwanga ukipungua baada ya dakika kumi, ni seli iliyobadilika au ni rangi iliyochoka? Hapa mirija nano ina sifa nzuri kuliko rangi nyingi.

Nne, je, hakibadilishi kile anachokishuhudia? Kichunguzi kikiiumiza seli, tunachokiona ni seli iliyoumizwa, na si seli tuliyotaka kuijua. Sharti hili ndilo gumu zaidi kwa mirija nano, nami nitalirudia.

Baada ya hayo yote, wanazuoni wa hadithi hutafuta shawahid, mapokezi mengine yanayounga mkono kwa njia tofauti. Watafiti nao hufanya vivyo hivyo: jibu lililopatikana kwa mwanga hutafutiwa njia ya pili isiyotegemea mwanga.

5. Kasoro iliyojificha

Tunajua kwamba sanadi inaweza kuonekana safi kabisa, wapokezi wote wanaaminika, na bado ndani yake mna 'illa, kasoro iliyojificha ambayo haionwi ila na mjuzi. Nimepata kisa kinachofanana na hilo.

Kuna kipimo kinachotumiwa katika maabara za dunia nzima kujua kama seli ziko hai. Unazitia dawa ya manjano. Seli hai huigeuza kuwa chembe za zambarau. Chembe hizo huyeyushwa, kisha hupimwa ukolezi wa rangi. Zambarau nyingi, seli nyingi zi hai. Zambarau kidogo, seli zimekufa. Ni kipimo cha zamani na kinaaminika.

Watafiti wa Ujerumani walikitumia kwa seli za mapafu zilizotiwa mirija nano yenye ukuta mmoja. Zambarau ikapungua. Hukumu ya haraka ingekuwa: mirija imeua seli. Lakini walipotumia kipimo cha pili cha aina inayokaribiana, ambacho rangi yake huyeyuka katika maji, seli zikaonekana ziko hai. Wakachunguza, wakagundua kwamba mirija ilikuwa inazishika zile chembe za zambarau na kuzizuia zisiyeyuke. Seli zilikuwa zimetoa ushahidi wao, ila kuna aliyeukamata njiani. Walichapisha hayo mwaka 2006, wakiwatahadharisha wenzao wasitegemee kipimo kimoja.

Tazameni: hakuna aliyedanganya. Kipimo kilikuwa kizuri na watu walikuwa wakweli. Kasoro ilikuwa katika kukutana kwa vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake hakina neno. Aliyeokoa ukweli ni yule aliyetafuta shahidi wa pili.

6. Je, mirija yenyewe ni salama?

Mtu akisoma kisa hicho anaweza kuruka upande wa pili akasema, kumbe mirija nano haina madhara. Huko nako ni kuhukumu kwa shahidi mmoja.

Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza, wakiongozwa kutoka Edinburgh, waliripoti kwamba mirija mirefu yenye kuta nyingi, ilipowekwa katika uwazi wa tumbo la panya, ilisababisha uvimbe na vidonda vinavyofanana na vile vya nyuzi za asbesto. Asbesto ni yale madini yaliyotumika sana katika mabati ya zamani, na vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani ya utando wa mapafu baada ya miaka mingi. Chembe zinazolinda mwili hujaribu kuumeza uzi mrefu, zikashindwa kuufunika wote. Lakini katika utafiti ule ule, mirija mifupi na ile iliyojisokota haikuleta madhara hayo.

Mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, huko Lyon, Ufaransa, lilitoa hukumu yake. Aina moja ya mirija yenye kuta nyingi, iitwayo MWCNT-7, iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Aina nyingine, pamoja na yenye ukuta mmoja, ziliachwa katika kundi la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kuhukumu.

"Ushahidi hautoshi" si sawa na "ni salama." Pia si sawa na "ni hatari." Ni kutawaqafu mpaka habari ije. Nimependa pia kwamba hukumu haikutolewa kwa jina la ukoo mzima. Kila aina ilitajwa peke yake, kama mpokezi anavyotajwa kwa jina lake na la baba yake ili asichanganywe na mwingine.

Kwa hiyo mtu akikuletea ujumbe katika simu kwamba wanasayansi wamepata mrija unaotibu saratani, au kwamba mirija nano imetiwa kwa siri ndani ya dawa zetu, muulize maswali yale yale. Mrija wa aina gani? Mrefu au mfupi? Umefunikwa kwa nini? Ulijaribiwa kwa seli katika sahani, kwa panya, au kwa watu? Kazi nyingi nilizozitaja hapa ni za seli na za panya. Kutoka kwa panya hadi kwa mjomba wangu kuna safari ndefu.

7. Mzee wa chumba cha giza

Siwezi kumaliza bila kumtaja Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata 965 na kufariki Cairo yapata 1040. Simtaji ili nijisifu kwamba Waislamu walitangulia katika kila jambo. Yeye hakujua mirija nano, na hatuhitaji kumbebesha asichokijua. Namtaja kwa jaribio lake moja.

Alipanga taa kadhaa mahali mbalimbali, zikiangalia tundu moja linaloingia katika chumba cha giza. Ukutani ndani yakatokea madoa ya mwanga kwa idadi ya taa. Kisha akaziba taa moja. Doa moja tu likatoweka, lile lililo mkabala wa taa ile. Akaizibua, likarudi. Hapo akajua kila doa ni la taa gani, na kwamba mianga ilipita tundu lile moja bila kuchanganyikana.

Hakuridhika kuona mwanga. Aliuzima ili ajue unatoka wapi. Kichunguzi cha sita cha GeneXpert, sampuli isiyotiwa rangi, kipimo cha pili cha wale Wajerumani, vyote ni kuziba taa moja na kutazama ukutani.

Nami ningefanya hivyo kabla ya darsa, ningeuliza swali moja tu: kama kitu hiki kisingewekwa, je, rangi hii ingeonekana? Swali hilo lingenitosha.

Dada mmoja aliniambia baadaye kwamba lile sahihisho langu liliwapunguzia wenzake imani na darsa. Nimelifikiria sana neno lake. Naona kama ningelikaa kimya, na siku moja mmoja wao akakaa darasani akaambiwa na mwalimu wake kwamba rangi zile zilipakwa, angetilia shaka kila nilichosema, hata kilicho kweli. Umbile la mwanadamu halihitaji nilipake rangi ili lishangaze. Lile linalotendeka ndani ya seli isiyo na rangi linatosha.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kwa nini jibu la "batili" ni bora kuliko jibu la "hana ugonjwa" lililotolewa bila uhakika? Tafuta mfano kama huo katika fani unayosoma.

2. Eleza kwa maneno yako kwa nini mng'ao wa infraredi ya karibu hufaa zaidi kutazama ndani ya mwili kuliko mng'ao wa kijani.

3. Katika kisa cha mwaka 2006, kasoro ilikuwa wapi? Ungeifahamuje kama ungekuwa na kipimo kimoja tu?

4. Chukua picha moja ya kisayansi uliyopokea katika simu wiki hii. Je, waliotuma walieleza rangi zake zimetoka wapi? Kama hawakueleza, utaituma mbele?

Palipo na usahihi humu ni kwa tawfiki ya Allah, na palipo na kosa ni langu. Mwenye kuona kosa aniandikie kupitia wahariri, nami nitalisahihisha hapahapa katika toleo lijalo, inshallah.